Kijana wa Saidi Mira

Jumatano usiku

Viatu vyangu viko nje ya mlango, vimejaa matope ya mtaa wa Mathare, Nairobi. Mvua ya jana haikuwa imekauka na mimi, kama kawaida yangu, nilivaa vile vya ofisini.

Nilikwenda kwa mama yake kijana wa saidi mira, yaani kioo cha pembeni cha gari. Ndivyo ninavyomwita kichwani, jina lake silitaji hapa. Ana miaka 19. Alikamatwa kwenye msongamano wa magari akiwa na kioo cha gari la mtu mkononi, akakiri alipofikishwa kortini. Hakimu hakumfunga papo hapo, aliagiza kwanza ripoti ya probesheni, ya kueleza maisha yake na kama anafaa kuachwa nje ya gereza chini ya uangalizi. Basi kijana yuko rumande, ripoti iko kwangu mimi afisa wa probesheni, na Ijumaa ya kuifikisha kortini ni keshokutwa.

Asubuhi nikiwa kwenye matatu, binamu yangu alinitumia ujumbe wa sauti. "Dada, nimemaliza digrii ya saikolojia. Nataka kazi kama yako, ile ya kusoma akili za wahalifu." Nilicheka mpaka makanga akanigeukia.

Lakini mimi pia nilianza hivyo hivyo. Nilitoka chuoni na majina ya maradhi ya akili tele, yote kwa Kiingereza. Katika ripoti yangu ya kwanza nilimbandika mshtakiwa jina moja zito baada ya kuzungumza naye dakika arobaini tu. Mkubwa wangu, mama aliyezeekea kazi hii, alilikata kwa kalamu nyekundu. "Ulifika kwao?" Sikuwa nimefika. "Na udaktari ulisomea lini?" Iliniuma wiki nzima, ingawa alisema kweli. Kumpima mtu akili ni kazi ya madaktari, na tangu sheria ya 2014 huwezi kufanya kazi ya mwanasaikolojia bila kusajiliwa. Mimi ni afisa wa probesheni aliyesoma saikolojia. Kuna tofauti, na binamu yangu ataijua polepole.

Kitu cha darasani ninachokitumia karibu kila siku ni kidogo sana. Mwaka 1974 watafiti wawili, Loftus na Palmer, waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali, kisha wakawauliza magari yalikuwa na kasi gani. Walioulizwa magari "yalipobamizana" walitaja kasi kubwa kuliko walioulizwa "yalipogongana". Filamu zilikuwa zile zile, neno la swali ndilo lililobadilika. Ndiyo maana kule rumande sikumuuliza kijana, "Umeiba vingapi kabla ya hiki?" Nilimwambia anieleze siku ile tangu alipoamka. Alianzia kwenye mjengo: alifika saa kumi na mbili asubuhi, foromani akachagua wengine, yeye akaambiwa arudi kesho. Ilikuwa siku ya nne kuambiwa hivyo. Vioo vilikuja baadaye sana katika hadithi yake.

Leo sasa, kwa mama. Nilimuuliza kama mwanawe amekuwa na huzuni miezi ya karibuni.

"Huzuni? Hapana, mwanangu. Ni mawazo tu. Ako na mawazo mengi."

Kalamu yangu ilikuwa tayari imeandika "hapana". Dodoso tulilofundishwa lilikuwa la Kiingereza, na kila mmoja wetu alijitafsiria njiani: huzuni. Nani mtaani husema ana huzuni? Watu wana mawazo. Nikamwomba anieleze hayo mawazo yakoje. Akasema tangu wamzike kaka yake mwaka jana, kijana hagusi chakula cha usiku, hukaa kizingitini mpaka kupambazuke. Mimi nilikaa naye saa nzima rumande na huyo kaka hakumtaja hata mara moja.

Nilifuta "hapana".

Nyumba ya chifu nayo nilipita. Hakuwa na la ajabu, hawamjui kwa ubaya.

Ninaelekea kupendekeza probesheni. Sheria inaruhusu miezi sita hadi miaka mitatu, na ndani yake naweza kumtafutia mtu wa ushauri nasaha. Kazi za kuhudumia jamii zingewezekana pia, ila kufagia uwanja hakutamfanya alale. Halafu najishuku. Je, nimeguswa na kizingiti kile kuliko ninavyopaswa? Mama alinisindikiza hadi barabarani akauliza, "Hakimu atayasoma haya yote?" Nikamwambia atayasoma.

Kuna sehemu moja bado tupu, maoni ya mlalamikaji. Chuoni miaka minne tulimchambua mkosaji. Aliyekosewa alipata mihadhara miwili, kama sikosei. Nimempigia huyu mwenye gari mara tatu, naambiwa "mteja hapatikani". Ni dereva wa teksi. Mkewe ndiye aliyenipokelea jana, akaniambia hicho ni kioo cha pili mwaka huu na kwamba mumewe hutoka saa kumi na moja alfajiri.

Nimetega simu iniamshe saa kumi na nusu. Binamu nitamjibu baadaye.