Goli lisingoje, habari ndiyo ingoje

Mwenzangu wa chumba timu yake ikifunga, hashangilii. Anakaa kitako, mikono magotini, macho kwenye kona ya skrini, anangoja VAR (waamuzi wanaokagua marudio ya video) imalize kazi. Refa akinyoosha mkono katikati ya uwanja ndipo anasema "ee, goli," kwa sauti ya mtu aliyesomewa ripoti ya benki. Simlaumu. Tangu Kombe la Dunia la Urusi mwaka 2018 tumefundishwa kutoamini macho yetu.

Mimi nasoma takwimu, mwaka wa tatu, kwa hiyo kuna watu wanadhani lazima niwe mpenzi wa VAR. Vipimo si ndiyo kazi yako? Ndiyo, ndiyo maana inanikwaza. Chukua kamera ya kawaida inayopiga picha 50 kwa sekunde. Mshambuliaji akikimbia mita 8 kwa sekunde, kati ya picha moja na nyingine ameshasogea sentimita 16. Halafu kwa miaka kadhaa watu wakawa wanachora mistari na kutuambia bega limeotea kwa sentimita mbili! Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akileta jibu la namna hiyo bila kutaja ukingo wa makosa, yaani kipimo chake kinaweza kukosea kwa kiasi gani, anarudishiwa karatasi yake.

Najua mambo yamebadilika. Qatar mwaka 2022 waliweka kamera 12 chini ya paa la uwanja, zinafuata sehemu 29 za mwili wa kila mchezaji, na ndani ya mpira kuna kitambuzi kinachotuma taarifa mara 500 kwa sekunde. Hapo sina ugomvi na hesabu. Kwenye mechi ya Argentina na Saudi Arabia, mbali na goli lao lililokubaliwa, Argentina walitia mpira wavuni mara tatu kipindi cha kwanza na zote zikakataliwa kwa kuotea, mwisho wakafungwa 2-1. Kipimo kilikuwa sahihi. Ila nilitazama mechi hiyo na watu ambao hawakuwa na timu yoyote pale, na kufikia ile ya tatu hakuna aliyeinuka kwenye kiti. Goli ndiyo sekunde pekee katika mpira ambayo mtu mzima anaruhusiwa kumkumbatia asiyemjua. Ukiiahirisha hata kwa dakika mbili, hairudi.

Na mashine haimwondoi binadamu, inamhamishia chumba kingine tu. Septemba 2023 Luis Díaz wa Liverpool alifunga dhidi ya Tottenham, mshika kibendera akasema kaotea. Wa VAR wakaangalia, wakaona hakuotea, wakasema ukaguzi umekamilika, maana walidhani uwanjani goli limekubaliwa! Mchezo ukaendelea, Liverpool wakalala 2-1. Sauti za chumba kile zilitolewa baadaye, na ukizisikiliza unasikia watu wazima wakigundua walichofanya huku sheria haiwaruhusu kurudi nyuma. Miaka yote ya teknolojia, na tatizo likawa mtu mmoja hakuuliza, "Samahani, tumesema goli au siyo goli?"

Dawa yangu ni fupi. Kama waamuzi hawajaona kosa ndani ya dakika moja, uamuzi wa uwanjani ubaki. Au tuchukue ule mfumo FIFA waliojaribu kwenye Kombe la Dunia la wanawake chini ya miaka 20 kule Colombia mwaka 2024, ambapo kocha mwenyewe ndiye anaomba marudio na ana nafasi mbili tu. Hapo angalau lawama zinagawanywa.

Kuna mchezo mmoja ambao kungoja kunanoga, nao ni riadha. Fainali ya mita 100 Paris 2024: Noah Lyles yuko nyuma kabisa hatua za mwanzo, wanafika mstarini kama kundi moja, kisha ubao unakaa kimya. Lyles mwenyewe alishamwambia Kishane Thompson wa Jamaika kwamba anadhani Thompson ndiye kashinda. Halafu jina likatokea: Lyles, 9.79, sawa na Thompson, tofauti ni sehemu tano kati ya elfu za sekunde, yaani 0.005. Kwa mwendo ule ni sentimita kama 6 hivi. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu mbio zilikuwa zimekwisha. Kwenye riadha unangoja kujua nani kashinda. Kwenye mpira unangoja ruhusa ya kufurahi. Hivyo ni vitu viwili tofauti na atakayeniambia ni kimoja tukutane kantini.

Sasa cha ajabu, huku kwenye muziki hakuna anayengoja chochote. Spotify huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa ukifika sekunde 30, na masikio yangu yanaamini watayarishaji wanaijua namba hiyo kuliko siku zao za kuzaliwa. Kiitikio kinaanza kabla hujaweka simu mezani. Ubeti wa pili umekuwa nusu, ubeti wa tatu umekufa. Sisemi nyimbo fupi ni mbaya, ninazo nyingi na nazipenda. Ninachokosa ni ule mwanzo mrefu wa gitaa au kinanda ambao unakupa nafasi ya kusema "subiri, subiri, inakuja."

Tamthilia nazo hivyohivyo. Toka Netflix waanze kuachia msimu mzima kwa mpigo mwaka 2012, mjadala umekufa: mmoja yuko sehemu ya pili, mwingine amemaliza usiku ana macho mekundu na hawezi kuongea asije akaharibu. Nipeni sehemu moja kwa wiki. Nusu ya utamu wa tamthilia ni kubishana Jumanne nani muuaji.

Habari ndizo zingefaa kungoja, na ndizo hazitaki kabisa. Mnakumbuka picha ya Papa Francis na lile koti jeupe la kuvimba, Machi 2023? Ilitengenezwa kwa Midjourney, programu ya akili mnemba inayotengeneza picha, na watu wenye digrii zao waliipokea. Ile haikumdhuru mtu, tulicheka. Lakini njia ileile ndiyo inayopitisha picha za vita, za ajali, na za viongozi waliozushiwa kufa. Kwenye VAR tunakagua kidole cha mguu kwa dakika nne. Kwenye picha ya maiti tunabonyeza "sambaza" kwa sekunde nne.

WhatsApp angalau walijaribu. Ujumbe uliopita mikononi mwa watu wengi unakuja na mishale miwili, na tangu 2020 huwezi kuutuma kwenye mazungumzo zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Napenda ile mishale. Nikiiona naacha ujumbe ulale hadi jioni, na mara nyingi ikifika jioni kuna mtu ameshaukanusha au picha imekutwa ni ya miaka sita nyuma, nchi nyingine kabisa. Njia hii haihitaji takwimu wala akili nyingi. Inahitaji tu ukubali kutokuwa wa kwanza, na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu wa kwanza kwenye kundi ndiye anayepewa vidole gumba vyote.

Kundi la familia yetu bingwa ni mama. Juzi kaleta tena, mishale miwili, herufi kubwa tupu, kisha sauti: "Mwanangu, umeona haya mambo?" Nikamjibu, "Shikamoo mama. Tuyaache hadi jioni." Akasikiliza, akakaa kidogo, akaandika: "Marahaba. Tangu uingie chuo kila kitu kwako jioni. Na hela ya matumizi je, nayo jioni?"