Juma la Upishi Kileleni mwa Mlima Washington
Katika kituo cha hali ya hewa kilichopo kileleni mwa Mlima Washington, jimbo la New Hampshire nchini Marekani, watazamaji hukaa juma zima kabla ya kupokewa na wenzao, na majira ya baridi watu wa kujitolea huenda kuwapikia. Mimi nilikwenda kwa kazi hiyo. Urefu wa mita 1,917 utamchekesha aliyezoea Kilimanjaro, lakini upepo wa huko hauna mzaha: tarehe 12 Aprili 1934 ulipimwa ukivuma kilomita 372 kwa saa, rekodi iliyokuja kupitwa na kimbunga Olivia kilichopiga Kisiwa cha Barrow, Australia, mwaka 1996.

Kila saa, usiku na mchana, mtazamaji wa zamu hutoka nje kupima joto na unyevu, kisha hupanda mnarani na mtalimbo kubandua barafu nyeupe, kwani matone ya ukungu yaliyopoa chini ya nyuzi sifuri huganda papo hapo yakigusa chuma, yakirefuka kuelekea upepo unakotoka. Akichelewa, vipimo huanza kusema uongo. Kilichonichosha zaidi ni mvumo wa upepo ukutani, ambao wenyeji wangu walilala nao fofofo.