Saa mbili za mama anayenyonyesha

Hapa Mtwara, ubanguaji wa korosho umewapa wanawake wengi kipato chao wenyewe, nami siidharau hata kidogo fursa hiyo, ingawa mafuta ya maganda huwababua vidole wale wasiopewa glavu. Kinachoniuma zaidi ni suala la uzazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua pacha, na akirudi kazini aruhusiwe hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Lakini dada yangu, anayelipwa kwa kilo alizobangua, kila akimnyonyesha mwanawe ujira wake unapungua. Waajiri waufidie muda huo, tena watenge chumba safi jirani na sehemu ya kubangulia.