Gauni Nililoliona Maun

Mabegi yetu ya mgongoni tulinunua kwenye mitumba ya Karume, mawili kwa bei ya moja kwa sababu zipu zilikuwa zimekufa. Zipu ni kazi yangu, nilizibadilisha usiku uleule. Mume wangu ni fundi umeme, mimi fundi cherehani Mbagala, na kwa miaka miwili tulikuwa tukitenga pesa kidogo kidogo kwa jambo moja: kupanda TAZARA mpaka mwisho wa reli, kisha kuendelea kusini mpaka tufike baharini upande wa pili wa Afrika.

Daraja la pili kwenye ile treni wanawake hulala chumba chao na wanaume chao, msipokodi chumba kizima. Basi safari yetu ya wawili ilianza kila mtu behewa lake, tukikutana kwenye behewa la chakula kama wachumba. Sikujuta. Chumbani kwetu mlikuwa na mama mmoja anayepeleka dagaa Kasama, na harufu yake ilitufuata mpaka mpakani, lakini ndiye aliyeniamsha: "Mwanangu, amka uone." Tulikuwa tumeipita Mlimba, treni inapanda kuelekea Makambako, inaingia shimoni na kutoka, shimoni na kutoka, halafu daraja, na chini bonde limejaa ukungu. Reli hii ina kilometa 1,860 na ilijengwa kwa miaka mitano tu, 1970 hadi 1975. Nilikaa dirishani nikiwafikiria watu waliochimba yale mashimo.

Tunduma afisa uhamiaji alipanda, akatazama pasipoti zetu, akauliza, "Mnakwenda kununua nini?"

Tukamjibu tunakwenda kutembea.

"Kwa nani?"

Hatukuwa na mtu wa kumtaja. Akatuangalia kwa huruma, akagonga muhuri. Swali hilo lilitufuata kila mpaka. Kwenye kituo kimoja, sitakitaja, walimwaga begi langu lote juu ya meza. Walipoona mkasi, tepu na vipande viwili vya kitenge wakasema mimi ni mfanyabiashara ninayekwepa ushuru. Wazungu watatu wenye mabegi makubwa kuliko yetu walipita huku tukingoja. Liliniuma, na bado linaniuma. Kwetu mtu husafiri kwa msiba, harusi, matibabu au biashara, hilo nalijua. Lakini mimi pia nina macho, na nilitaka kuona.

Livingstone niliona. Maporomoko ya Victoria, kwa jina la wenyeji Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma. Mosi yao ndiyo moshi yetu, na ngurumo tuliisikia kabla ya kuona maji. Tulilowa mpaka shumizi. Mimi ni Mngoni wa Songea, na bibi alitusimulia utotoni kwamba wazee wetu walitoka kusini na kiongozi wao Zwangendaba, wakavuka Zambezi mwaka 1835 siku jua lilipopatwa. Walivukia mbali sana na pale, chini ya mto. Hata hivyo, gari letu lilipopita juu ya daraja la Kazungula kuingia Botswana nilimshika mume wangu mkono. Wao walipanda kaskazini kwa miguu, mimi nikishuka kusini nimekaa kwenye kiti. Yeye ni mtu wa Tanga, alinyamaza akaniacha na mawazo yangu.

Kasane ngiri wanatembea mjini kama mbuzi. Njia ya kwenda Maun kuna uzio wa mifugo, mnashushwa kwenye basi mkanyage dawa kwa viatu, magonjwa ya ng'ombe yasivuke. Yaliyobaki ya njia hiyo nililala.

Maun ndipo nilipoliona gauni. Mama wa makamo alikuwa anavuka barabara karibu na stendi, na vumbi lote lile, amevaa gauni refu hadi vifundoni, marinda yameanzia kiunoni na kufumuka kama mwavuli, mikono imevimba begani, na kichwani kilemba chenye ncha mbili pana kulia na kushoto. Nilimwacha mume wangu na mabegi nikamfuata. Huko mwanamke wa heshima huitwa "mma". Nikamwambia, "Mma, mimi ni fundi. Limeingia mita ngapi?" Akacheka, akanionyesha vidole vyote kumi.

Naye alikuwa fundi. Tulikaa kibarazani kwake siku mbili, Kiingereza chake na changu vikisaidiana. Alinifundisha kukunja kilemba; zile ncha ni pembe. "Ongombe," akasema. Nikamjibu, "Ng'ombe!" Akasema onyama, nikasema nyama. Mume wangu akawa anatuletea maneno kama mtoto anayejaribu funguo kwenye mlango.

Siku ya pili nilimuuliza mshono ule umetoka wapi. Akasema ni Waherero wenzake walioiga wake za wamisionari wa Kijerumani, zamani, kabla ya vita. Na yeye mbona yuko Botswana? Akaweka sindano chini. Mwaka 1904 Wajerumani waliwashinda Waherero kule kwao Waterberg, Namibia ya leo, wakawasukumia jangwani, Omaheke, wakaweka walinzi kwenye visima. Mwezi Oktoba jemadari wao, von Trotha, akatoa amri kila Mherero atakayeonekana apigwe risasi. Wachache walivuka jangwa wakafika upande wa Botswana. Mama mzaa bibi yake alikuwa msichana mmoja wao.

Mimi nimekulia Songea. Makumbusho ya Majimaji nimeyapita nikienda shule, na kila mtoto wa kwetu anaijua Februari 27, 1906, siku Wajerumani walipowanyonga wazee wetu. Nilimsimulia. Hakusema pole. Alinisogezea chai.

Wiki ile tulipanda lori kutoka Ghanzi, tukaingia Namibia, tukaelekea Gobabis. Miti mifupi, mchanga, jua. Chupa yetu ya maji iliisha kabla ya saa sita mchana, nikalalamika njia nzima. Tulipofika mjini ndipo mume wangu aliponionyesha kibao: mkoa wa Omaheke. Tulikuwa tumeipita njia ile kinyumenyume, kwa saa chache, tumekaa juu ya magunia.

Windhoek tulipumzika na kufua. Kisha Swakopmund, bahari ya upande wa pili tuliyoitafuta. Ina ukungu na ni baridi kama chuma asubuhi. Kando ya makaburi ya Wajerumani yenye mawe na majina kuna uwanja wa vichuguu vya mchanga, vingi, safu kwa safu, bila jina hata moja. Mjini hapo palikuwa na kambi ya mateka wa Kiherero. Mume wangu alivua kofia. Tulitembea pembezoni tusikanyage.

Jioni nilimpigia mama Songea. Nilikuwa nimemdanganya tangu mwanzo kwamba tuna wenyeji huko. Akauliza, "Mmefikia kwa nani?" Nikamweleza yote, Maun, gauni, lori, vichuguu. Alisikiliza mpaka nikadhani simu imekatika.

"Na maji," akasema, "waliyapata?"

Nikamwambia, wengi hawakuyapata, mama.