Jezi ya manesi

Jumanne, 25 Juni 2024

Nimeamka na jezi mwilini. Ndio, nimelala nayo, inanuka jasho na kuku wa kukaanga, na leo nina zamu ya asubuhi kwa hiyo sina muda wa kuomboleza, ila ngoja niandike hapa kabla sijaanza kujifanya kwamba fainali ya jana haikuniuma.

Jezi yenyewe niliipata Oktoba mwaka jana kwenye duka la mitumba hapa Edmonton, Canada (msidhani mitumba ni kwetu tu). Ya Edmonton Oilers, bluu na rangi ya chungwa, mgongoni NURSE 25. Dola 18. Wala sikuwa najua sheria moja ya hoki ya barafu, niliichukua kwa sababu ilikuwa nzito kuliko sweta nililokuja nalo kutoka Tanga. Nikapiga picha nikamrushia mama, akanijibu kwa voisi, "Hongera mwanangu, kumbe umeanza kusomea unesi?" Mpaka leo nyumbani inaitwa timu ya manesi. Nikaja kujua Darnell Nurse ni beki, mweusi mwenzetu, mrefu kama mnazi, analipwa dola milioni 9.25 kwa mwaka na nusu ya mji huu inamlaumu kila goli likiingia. Basi nikamshikilia hapo hapo, mi napenda watu wanaolaumiwa.

Shida ni kwamba niliianza timu ikiwa inatia aibu. Kila mtu alisema msimu huu kombe letu, halafu mechi 13 za kwanza wakashinda 3 tu, ikiwemo ile ya nje kwenye baridi dhidi ya Calgary, watani wa jadi, ukitaka kuwaelewa hawa wafikirie Simba na Yanga waliovaa viatu vya chuma. Tarehe 9 Novemba wakafungwa na San Jose, timu ya mkiani kabisa ambayo hadi siku ile ilikuwa imeshinda mechi moja tu. Siku mbili baadae wakashinda kule Seattle na kesho yake kocha Jay Woodcroft akafukuzwa, yaani jana umeshinda leo unafungashiwa virago, nikasema aaah hapa niko nyumbani, hii ni Kariakoo kabisa. Akaja Kris Knoblauch, mtu mpole, sura kama mwalimu wa hesabu, aliwahi kumfundisha nyota wetu McDavid akiwa bado dogo.

Na hapo ndipo nilipoharibikiwa maana kuanzia Desemba wakashinda mechi 16 mfululizo, imebaki moja tu wafikie rekodi ya ligi nzima. Usiku nitakaoukumbuka ni wa tarehe 13 Januari. Wiki ile baridi ilishapita nyuzi 40 chini ya sifuri, ukitoka nje kope zinagandana, na mara simu zote nyumbani zikalia kwa pamoja king'ora, serikali ya mkoa wetu wa Alberta inaomba watu wapunguze umeme la sivyo itabidi wakate. Naishi na mzee mmoja wa Bukavu, tunamwita Papa. Papa akazima jiko, akazima taa zote mpaka ya choo, akachomoa friji, halafu akarudi akakaa mbele ya TV akajifunika blanketi. Nikamuuliza na hii je? Akanitazama kama nimemtukana. Tukaangalia gizani Oilers wakiipiga Montreal 2–1 muda wa ziada, friji tukaisahau hadi asubuhi.

Mtoano siwezi kuusimulia wote. Los Angeles tuliwatoa haraka, Vancouver ikaenda mpaka mechi ya saba (nilipungua uzito, sitanii), kisha Dallas. Fainali na Florida Panthers tukafungwa tatu za kwanza mfululizo na kombe anachukua wa kwanza kushinda nne, kwa hiyo kazini walishaanza kunipa pole. Papa peke yake akawa anasema "Batarudisha zote, utaona." Ya nne 8–1. Ya tano 5–3. Ya sita 5–1. Timu iliyowahi kutoka tatu bila kwenye fainali ikabeba kombe ni Toronto peke yake, mwaka 1942, na jana tulikuwa mechi moja kuwa wa pili.

Jana nilienda mjini pembeni ya Rogers Place, uwanja wa Oilers, kwenye skrini kubwa. Mechi saa kumi na mbili jioni, na jua la Juni huku halizami mpaka saa nne usiku, kwa hiyo hata pa kuficha uso hapakuwepo. Verhaeghe akatufunga, Janmark akarudisha baada ya dakika mbili hivi, nikakumbatiwa na baba mmoja wa Kihindi mwenye kilemba cha rangi ya chungwa ambaye sikumuona tena. Kipindi cha pili Reinhart wao akafanya 2–1. Kipindi cha tatu paki, ile sahani nyeusi wanayoigombania badala ya mpira, ikazurura pale mbele ya kipa wao Bobrovsky, nadhani ni sekunde moja lakini mimi bado niko ndani yake, kila mtu ananyoosha gongo na haiingii. Mwishoni wakamtoa kipa wetu ili waongeze mshambuliaji, goli liko wazi nyuma yao, watu elfu na elfu wamesimama kimya.

Haikuingia.

Halafu wakatangaza mchezaji bora wa mtoano ni Connor McDavid, aliyefungwa. Hakutoka kuichukua tuzo. Jirani yangu akasema ana kiburi, mi nikamwambia kaka, na wewe ungetoka?

Kituoni basi limejaa jezi na hakuna anayeongea. Simu ikatetemeka, Tanga ishapita saa kumi na mbili asubuhi, mama katoka kuswali.

"Vipi, manesi wameshinda?"

Nikaandika tumefungwa 2–1. Akakaa kidogo kisha akaandika pole baba, umekula?