Prof wangu wa plazma

Jana tumemzika Prof na usingizi umekataa kabisa, wacha niandike.

Siku ya kwanza nimeingia maabara yake hapa Nairobi hakunipa kitabu, alinipa sumaku. Akawasha ile tyubu ya kioo iliyotolewa hewa ikabaki kidogo sana, ndani kukawaka rangi ya waridi, akaniambia sogeza polepole, na ule mwanga ukapinda hapo mbele ya macho yangu! Akasema hiyo ndio plazma, gesi ambayo elektroni zimeng'oka kwa atomu, ndio maana inasikia sumaku, na jua lote ni hiyo hiyo.

Probu ya Langmuir, kifaa cha kupima plazma, ni yeye alinifundisha, waya mwembamba tu, unaingiza ndani ya plazma, unabadilisha volteji unasoma mkondo, halafu mchoro unakuambia joto la elektroni. Kompyuta alikataa, nikachora kwa penseli wiki nzima. Kumbe hata kwa taa ya tyubu ya kawaida elektroni zinapita nyuzi 10,000 na haikuunguzi kwa sababu gesi ndani ni kidogo mno, mpaka leo hiyo inanishangaza.

Stima ikipotea hatukuenda nyumbani, tulipiga hesabu kwa tochi ya simu huku chai ya thamosi inazunguka.

Kuna wakati karo ilinilemea nikataka kuacha. Akanifungulia daftari lake la zamani, kurasa na kurasa za vipimo vilivyokataa, akasema "soma zote kwanza, halafu uende." Sikuenda.

Jana familia yake ilinipatia hilo daftari. Bado lina doa la chai pale mbele.