Siku moja na sanduku la makufuli matatu

Saa kumi na mbili asubuhi naondoka Muheza mjini kwa bodaboda, njia ya Amani. Mvua imenyesha usiku kucha, kwenye miinuko tunashuka na kusukuma. Mimi ni mwezeshaji wa vikundi vya kuweka na kukopa katika shirika dogo la hapahapa wilayani. Watu wakisikia tunapambana na umaskini, wanadhani nimebeba hela. Nimebeba daftari na kalamu.

Saa mbili nasaini kitabu cha wageni kwa mtendaji wa kijiji. Saa tatu niko na vijana wanaoomba mkopo wa halmashauri, ule usio na riba unaotoka kwenye asilimia kumi ya mapato ya ndani. Katiba ya kikundi chao ina mapengo, tunaijaza.

Saa nne, akina mama kwenye baraza la madrasa. Sanduku lina makufuli matatu na kila ufunguo una mtunzaji wake. Mmoja kaenda msibani Korogwe na ufunguo mfukoni. Kuna anayetaka kufuli livunjwe. Nakataa, na wazee wa kikundi wananiunga mkono: likivunjwa leo kwa wema, kesho litavunjwa kwa wizi. Tunasubiri mpaka saa saba.

Sanduku linafunguliwa. Mfuko wa jamii kwanza, ule wa kusaidiana kwenye shida, kisha hisa: moja shilingi 2,000, mwisho tano kwa kikao. Katibu anagonga muhuri kwenye vijitabu, wino umemkolea kidole gumba.

Ndipo muuza mihogo anasimama kuomba 400,000. Hisa zake ni 110,000 na mkopo hauzidi mara tatu, kwa hiyo hata akipewa kiwango cha juu hazifiki. Anaulizwa za nini. Kimya. Anaulizwa tena, anasema ana deni la kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba ya kuumiza. Watu wa mkopeshaji wanamfuata kila jioni gengeni, na kitambulisho chake wanacho wao.

Kelele zikaanza. Huyu anasema apewe, yule anasema hela yetu itazama. Bibi mmoja akamuuliza taratibu, "Mwanangu, tukikupa ukamlipe yeye, sisi utatulipa na nini?" Mama wa watu akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Wakanigeukia: "Mwalimu, sema wewe." Kichwa kinauma, njaa inauma, na kusema ningeweza. Lakini hela ni yao, na siku nikiwaamulia, kikundi kinakuwa changu. Nikauliza tu kama mkopeshaji ana leseni, maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka awe nayo, na kama kuna mkataba. Hakuna aliyewahi kuuona.

Saa sikuziangalia tena. Adhana ya alasiri ilipita tukiwa palepale. Mwishowe wakakubaliana: apewe 200,000 zimrudishe sokoni, na wanachama wawili waende naye kwa mkopeshaji wakadai deni liandikwe na kitambulisho kirudi.

Tukitoka, baba mmoja akaniuliza mradi wetu unatoa shilingi ngapi kwa kaya. Nikamwonyesha nyumba ya jirani yake, mabati yaliyonunuliwa kwa mgao wa kikundi wa mwaka jana. Akaniuliza kikao kijacho ni lini, nikamwelekeza kwa katibu.

Nyumbani nimefika usiku. Ripoti ina safu ya fedha zilizotolewa na shirika. Nimeandika sifuri, na chini yake, kwa mkono, jumla ya walichoweka wenyewe.